Kitabu cha Uzi: Kudarizi na Kujalidi Kitabu Kidogo kwa Mkono, Lowarengak

Anza na upande wa nyuma. Anayedarizi foronya ana mahali pa kuficha mafundo, mikia ya nyuzi na njia za mkato alizopita kutoka ua hili hadi lile, kwa kuwa foronya ina ndani. Kitambaa cha meza nacho kina chini. Ukurasa hauna pa kuficha kitu: ukiufunua, nyuma yake ndiyo mbele ya ukurasa unaofuata. Wengi wenye mkono mzuri wa kudarizi hukwama hapo wanapojaribu kushona kitabu, na kukwama kwenyewe huanza kabla hawajatunga uzi, kwa kuwa hawakuamua nyuma itakuwaje.

Nakuandikia wewe wa Lowarengak, ufuoni magharibi mwa Ziwa Turkana, kule juu karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako ukikosa uzi wa rangi fulani huna budi kusubiri mtu anayeteremka Lodwar. Aliye Kakuma au Lodwar yuko karibu na maduka, basi kwake kazi ni nyepesi zaidi. Wa Mombasa hana kisingizio hata kimoja.

Kitabu ninachokisema si daftari lenye jalada lililorembwa. Kurembesha jalada ni kazi ya zamani na yenye heshima: mwishoni mwa 1544 Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alimtayarishia mamake wa kambo, Katherine Parr, zawadi ya kitabu alichokitafsiri na kukiandika kwa mkono wake akiwa na umri wa miaka 11, na jalada lake la kudarizi linaaminika kuwa kazi yake pia. Kimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Lakini pale uzi uko nje na maneno yako ndani. Sisi tunataka uzi uwe ndio maneno. Mfano wake ni alichokifanya Louise Bourgeois, msanii mzaliwa wa Paris aliyeishi New York, ambaye wazazi wake walikuwa na karakana ya kutengeneza mazulia ya ukutani yaliyochakaa. Mwaka 2002, akiwa na miaka 90, alichukua nguo na vitambaa vyake vya zamani, vikiwemo vitambaa vya mkono vya harusi yake, akavifanya kurasa za kitabu alichokiita Ode à l'oubli. Alikifunga kwa vifungo na vitundu vyake, ili kurasa ziweze kutolewa na kutundikwa. Kina maneno machache mno, na bado kinasomwa.

Turkana ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambako watu wazima wengi hawakupata shule. Kitabu cha uzi hakimbagui nyanya asiyejua herufi, wala hakimhitaji mwenye macho makali, maana kidole nacho kinasoma.

Njia tatu za kumalizana na nyuma

Njia ya kwanza, nayo ndiyo nitakayoifuata katika mwongozo huu, ni kudarizi vitambaa viwili kila kimoja peke yake, kisha kuviunganisha mgongo kwa mgongo ili fujo yote ifungiwe katikati. Ukurasa unakuwa mnene kidogo na unasimama vizuri mkononi.

Ya pili ni kutumia mshono unaofanana pande zote mbili. Piga bandi ya kawaida, hatua sawa juu na chini, hadi mwisho wa mstari. Kisha geuka urudi ukipita matundu yaleyale, ukiziba mianya uliyoiacha. Mstari utatokea mzima mbele na mzima nyuma. Kumbuka mshono huu, kwa sababu tutauhitaji tena tutakapofika mgongoni mwa kitabu.

Ya tatu ni kuacha nyuma ionekane kwa makusudi. Inafaa pale ambapo fujo ina maana yake, kwa mfano ukurasa wa safari ya mkimbizi ambao mbele ni nyumba na nyuma ni nyuzi zilizokatika. Nimeona ikitumiwa vizuri mara chache kuliko nilivyoona ikitumiwa na mvivu.

Kitambaa na uzi

Tafuta amerikani, ile nguo nyeupe isiyopaushwa wanayotumia mafundi kwa bitana. Haitelezi, haina gharama kubwa, na sindano hupita bila kulalamika. Ifue kabla ya kukata, kwa sababu itanywea, na ikinywea baada ya kudarizi itakunja picha yako. Maji ya ziwa yana magadi na chumvi; ukifulia humo, suuza mara ya mwisho kwa maji ya kisima, la sivyo kitambaa kitabaki kigumu na chenye vumbi jeupe. Vipande vya leso kuukuu na shuka jekundu lililochakaa hufaa pia, tena vina historia ambayo amerikani mpya haina. Vyembamba sana viimarishe kwa kubandika amerikani chini yake.

Uzi wa kudarizi wa pamba huuzwa kwa vishada vidogo. Kishada cha kampuni ya DMC, kwa mfano, kina urefu wa mita 8, na uzi wenyewe ni nyuzi sita ndogo zilizolala pamoja bila kusokotwa sana. Usitumie sita zote. Kata urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko na ushibiri mmoja zaidi, chomoa nyuzi moja moja, kisha kusanya mbili kwa mistari myembamba au tatu kwa mistari ya kuonekana. Mwenye haraka hukata uzi mrefu ili asitunge sindano mara kwa mara; uzi huo humlipa kwa mafundo na kwa kuchakaa kabla haujaisha.

Nyekundu, nyeusi na buluu nzito za bei rahisi huchuja rangi. Lowesha kipande kwa maji ya moto, kifinye ndani ya kitambaa cheupe, ukione kama kimeacha doa. Kikiacha, usikitumie ukurasani hata kama ndiyo nyekundu pekee iliyobaki Lodwar.

Nyavu za wavuvi zina uzi wa nailoni, na kila anayeanza kazi hii ufuoni hujaribu kudarizi nao. Ni mgumu, unateleza, fundo lake hufunguka, na ukivutwa hukata kitambaa. Lakini una mahali pake: ulaze juu ya kitambaa upendavyo, kisha uushikilie kwa mishono midogo ya uzi wa pamba, mmoja kila nusu sentimita. Kwa kuchora wavu hakuna kinachoushinda, kwani pale unachora wavu kwa wavu. Ukili mwembamba wa mkoma, ule ambao akina mama wa Turkana husukia vikapu, nao hulazwa vivyo hivyo. Uloweshe kwanza usije ukavunjika.

Pangilia kurasa kabla ya kuchora

Kitabu chetu kikifungwa kitakuwa mraba wa sentimita 12. Kina karatasi nne za kitambaa, kila moja ikikunjwa katikati, hivyo kurasa ni 16. Kwa kila karatasi kata vipande viwili vya amerikani vya sentimita 26 kwa 14. Jumla vipande vinane. Sentimita moja kila upande ni ya mshono, na itakayobaki ni 24 kwa 12.

Karatasi mbili zikiingiana hufanya fungu moja, na kitabu kina mafungu mawili. Sasa chukua gazeti, ukate karatasi nne ndogo, uzikunje na kuzipachika vivyo hivyo, kisha uandike namba za kurasa ukifunua kama msomaji. Zifungue tena. Utakuta ukurasa wa 1 umelala kando ya wa 8, na wa 2 kando ya wa 7 nyuma yake. Karatasi ya ndani ina 6 na 3 upande mmoja, 4 na 5 upande wa pili. Fungu la pili ni 16 na 9, 10 na 15, 14 na 11, 12 na 13. Gazeti hilo libandike mbele yako mpaka kazi iishe. Bila hilo utadarizi mbuzi mwenye kichwa ukurasa wa 2 na mkia ukurasa wa 7.

Angalia pia kwamba kurasa zinazotazamana juu ya kitambaa kimoja kisichokatika ni mbili tu kwa kila fungu: 4 na 5, halafu 12 na 13. Picha pana iende huko. Kwingineko picha itakatwa na mkunjo wa karatasi mbili tofauti, na haitakaa sawa hata ukiwa fundi wa mafundi.

Utachora nini? Hapa nina ubishi na kazi nyingi za mikono zinazouzwa kwa wageni, kibuyu kimoja, ngamia mmoja, jua linatua, basi. Hizo ni picha za mfuko wa sokoni. Kitabu kinataka kitu kinachobadilika kadiri unavyofunua. Piga mstari wa bandi kwa uzi wa buluu, sentimita 5 kutoka chini, katika kila ukurasa bila kuruka hata mmoja. Hilo ni ziwa. Kisha weka mtumbwi mdogo ukurasa wa 1 karibu na ukingo, usogeze kidogo ukurasa wa 3, upotee wa 5, na katika 12 na 13 ujaze wavu mzima. Msomaji ataufuata mstari kwa kidole kabla hajaelewa kwa nini.

Au chukua mpango ambao Waturkana wanao tayari. Mwana wa kiume huingia kundi ambalo babake hayumo: baba akiwa Ngimor, yaani mawe, mwana ni Ngirisae, yaani chui, na mjukuu anarudi kwenye mawe. Kurasa za kushoto ziwe za mawe, za kulia za chui, na ukoo wako unajiandika wenyewe. Chapa za mifugo nazo zinavutia kwa sababu ni mistari mitupu, lakini chapa ni ya ukoo. Waulize wazee kabla hujaidarizi, hasa kama kitabu ni cha kuuza.

Kwa walio Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa 1992 majirani wa Sudan Kusini wamekuwepo na milaya zao, zile shuka za kitanda zilizodariziwa maua na ndege. Ukipenda kuazima kutoka huko, usilipunguze ua la shuka hadi litoshe ukurasa. Litakuwa kama lilitolewa kwenye sanduku la biskuti. Chukua petali moja kwa ukubwa wake halisi, liache likatwe na ukingo wa ukurasa, na nusu yake iliyobaki iwe ukurasa unaofuata.

Kuchora juu ya kitambaa cheupe, penseli iliyochongwa vizuri inatosha, ukiigusisha tu. Juu ya nyekundu au nyeusi tumia kipande chembamba cha sabuni, kama wafanyavyo mafundi cherehani. Mkaa uache jikoni.

Mishono michache inatosha

Mbali na bandi ya kwenda na kurudi, jifunze mnyororo: toa sindano juu, rudisha ncha yake tundu lilelile, itokeze hatua moja mbele huku uzi ukipita chini ya ncha, vuta taratibu mpaka pete ilale. Usivute hadi pete ife. Mnyororo huchora samaki, pembe na mgongo wa ngamia bila kukunja kitambaa, na una unene unaosomeka kwa kidole. Mafundo madogo, uzi ukizungushwa mara mbili kwenye sindano kabla ya kurudi chini, ni mchanga, mbegu, nyota na madoa ya chui.

Mshono wa kujaza, ule wa nyuzi ndefu zinazolala sambamba hadi jani lote lijae, ninauepuka kwenye vitabu. Unang'aa vizuri ukutani, ila ukurasani kucha na pete za vidole hunasa, na baada ya wasomaji kumi jani limekuwa manyoya. Ukilazimika kuutumia, usizidishe nusu sentimita.

Kofia za vitobo za Lamu na Zanzibar zina somo ambalo kitabu kinaweza kuliiba. Baada ya karatasi kuunganishwa, toboa kwa msharasi wa fundi viatu. Usikate kwa mkasi, maana msharasi husukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzivunja. Zungusha mishono ya karibu karibu kwenye ukingo wa tundu mpaka ukaze. Sasa ukurasa una dirisha, na kitu cha ukurasa wa mbele kinachungulia: jicho la mamba, kwa mfano, ambalo ukifunua linageuka kuwa shanga shingoni mwa mama.

Tukizungumzia shanga: zishone, lakini si karibu na mkunjo, na kila shanga ikabiliane na sehemu tupu ya ukurasa wa pili. Zikikutana shanga kwa shanga kitabu hakifungi, na zikikutana na kitambaa kilichodariziwa zitakisaga. Kwa shanga tumia uzi uliopakwa nta, upite mara mbili.

Fremu ya mviringo ya kubania kitambaa husaidia, ila itoe kila unapopumzika, kwa sababu alama yake ikilala usiku kucha haitoki kwa urahisi. Mikono ioshwe. Kama umetoka kupasua samaki, osha kwa sabuni na ndimu, usubiri. Mafuta ya sangara hayaonekani siku ya kwanza.

Upepo wa ziwa huchukua uzi kabla hujauona ukienda. Viringisha kila rangi kwenye kipande cha kadi chenye mkato wa kushikia ncha, na usifungue rangi mbili kwa wakati mmoja ukiwa nje. Jioni, chini ya taa ya sola, buluu nzito na nyeusi ni kitu kimoja. Zichague mchana na uziandike.

Kuunganisha karatasi

Vipande vyote vinane vikiwa vimedariziwa, vipige pasi kwa nyuma juu ya taulo, ili mishono izame kwenye taulo isibanwe. Sasa viweke viwili viwili kwa kufuata gazeti lako, mbele ikitazama mbele, na hakikisha juu ni juu kwa vyote viwili. Shona ukingoni kwa mshono wa kurudi nyuma, sentimita moja kutoka ukingo, ukiacha mwanya wa sentimita 6 upande wa chini. Punguza kitambaa kwenye pembe nne bila kugusa mshono. Kung'uta kabisa mchanga, kwani chembe ikifungiwa ndani itakaa humo ikikwaruza. Geuza kupitia mwanya, sukuma pembe kwa kijiti butu, piga pasi, kisha ziba mwanya kwa mishono midogo.

Ukikuta karatasi moja imekuwa ndogo kuliko wenzake kwa milimita mbili tatu, iwe ya ndani ya fungu. Hakuna atakayeijua.

Jalada na mgongo

Ngozi laini ya mbuzi iliyotengenezwa ndiyo jalada bora la huku. Isiponuka vizuri, tumia gunia la unga lililofumwa kwa plastiki, ukipitisha kingo zake karibu na moto mdogo ili zisichanuke, na ulibandike bitana ya leso. Urefu wa jalada uwe sentimita 12.5. Upana wake ni kurasa mbili pamoja na unene wa mgongo, na unene huo usiukadirie kwa macho: weka mafungu mawili yaliyokunjwa moja juu ya jingine, yabonyeze kwa kiganja, pima kwa uzi, uongeze sentimita moja.

Ng'ambo tu ya mpaka, Ethiopia, mafundi wa vitabu vya kanisa wamejalidi ngozi kwa ngozi kwa karne nyingi, mbao mbili nje na mshono wa mnyororo ukiunganisha mafungu mgongoni. Huo ni mzuri, lakini unataka mafungu mengi na sindano mbili. Kwa mafungu mawili, shona kupitia jalada moja kwa moja.

Katikati ya jalada weka alama za safu mbili zenye matundu manne kila moja, safu zikiachana kwa unene wa fungu moja. Matundu yawe sentimita 1.5, 4.5, 7.5 na 10.5 kutoka juu ya kurasa. Toboa alama hizohizo kwenye mkunjo wa kila fungu kwa msharasi. Chukua sentimita 60 za uzi mnene wa pamba, uliopakwa nta. Anzia ndani ya fungu, tundu la kwanza, ukiacha mkia wa kiganja kimoja: toka nje kwa la kwanza, ingia kwa la pili, toka kwa la tatu, ingia kwa la nne. Ukiwa ndani, rudi hadi la tatu, toka, ingia kwa la pili, na ufike ulikoanzia. Kaza kwa kuvuta sambamba na mgongo. Ukivuta kuelekea kwako utapasua mkunjo. Funga fundo mara mbili na mkia. Ni ileile bandi ya kwenda na kurudi, na ndiyo inayokuachia mstari mzima nje na mzima ndani. Rudia kwa fungu la pili.

Mgongoni sasa una mistari miwili. Unaweza kupitisha uzi wa rangi nyingine chini ya mishono hiyo, huku na huku kati ya mstari na mstari, bila kutoboa ngozi tena. Huko ndiko ninakoweka rangi ya mwenye kitabu, kama kimeagizwa.

Ukitaka kurasa zitolewe kwa ajili ya maonyesho, fuata njia ya vifungo: acha ukingo mpana wa upande mmoja kwa kila karatasi isiyokunjwa, shona vitundu vitatu, na vifungo vyake vikae kwenye jalada. Kitabu hicho hakifunguki tambarare sana, na watoto watakiachanisha siku ya kwanza.

Bei

Andika saa zako tangu kipande cha kwanza, kwa penseli, kwenye lile gazeti. Ukiweka saa 30 kitabuni na ukakiuza shilingi 1,500, umejilipa shilingi 50 kwa saa, kabla ya uzi na nauli ya kwenda Lodwar. Wanunuzi wa tamasha la Tobong'u Lore pale Lodwar huzoea bei ya bangili, basi usikipange kitabu katikati ya bangili. Kiwe peke yake, kimefunguliwa ukurasa wa 4 na 5, na uwe na kitambaa safi cha kufutia mikono ya anayetaka kufunua. Atauliza kama kinafuliwa. Mwambie jalada la ngozi halifuliwi, lakini fundo liko ndani ya mkunjo wa kila fungu: anaweza kulifungua, kufua karatasi kwa maji baridi, kuzikausha kivulini na kukishona tena kwa matundu yaleyale. Mwandikie mpangilio wa kurasa kwenye kipande cha karatasi, ukiweke ndani.